Wali kiporo, tambi, choroko au mchuzi wa karanga: jioni ya Dodoma upike kipi ukitaka ladha ya Asia?

Nikitoka kazini Mtumba nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa hiyo watoto wameshafungua friji mara tatu. Hapo sina muda wa kuchemsha maharage makavu wala wa kusubiri nyama ya ng'ombe ilainike. Ndiyo maana siku tatu nne za wiki napika chakula chenye ladha ya Asia: Kichina, Kihindi, Kiindonesia, na Kijapani kidogo. Sifuati kitabu. Naangalia kilichopo, nakumbuka ladha ninayoitamani, naanza. Jiko langu ni la gesi, plate mbili, mtungi wa kilo 15. Nina karai moja zito, sufuria tatu, kinu na mchi. Mahitaji karibu yote nayapata soko la Majengo au kwenye genge la mtaani kwetu, isipokuwa chupa ya soya sosi ambayo nainunua supamaketi.

Wenzangu wa ofisini wananiuliza kila mara: kati ya hivyo unavyopika, kipi cha haraka na kinashibisha? Jibu linabadilika kulingana na kilicholala kwenye friji tangu jana, maji ya nyumbani kwako yalivyo, na idadi ya watu mezani. Hapa nimevishindanisha vinne ninavyovipika mara kwa mara. Niseme mapema kwamba nina upande: kwa mtu anayeishi Dodoma, mchuzi wa karanga unaongoza, na sababu zake nitazitoa. Lakini kuna jioni ambazo hata mimi siuanzi.

Ladha yenyewe inatoka wapi

Wengi wanadhani bila soya sosi hakuna chakula cha Kichina. Soya sosi inaleta chumvi na ule uzito wa ladha kama wa supu iliyokaa motoni muda mrefu, ila peke yake haitoshi. Kinachotofautisha chakula cha Asia na mchuzi wetu wa kila siku ni kwamba chumvi, uchachu, utamu na ukali vinapikwa pamoja ndani ya sufuria moja. Sisi uchachu tunauweka pembeni, kipande cha limao kando ya sahani. Utamu ndiyo kabisa, tunauachia chai. Wao wanatia ukwaju na sukari guru ndani ya mchuzi unaochemka, halafu wanaonja, wanaongeza, wanaonja tena mpaka hakuna kinachomzidi mwenzake.

Sasa angalia tulivyo navyo hapa. Mkwaju ni mti wa nchi kavu, na kwetu umejaa. Ukwaju unauzwa kwa mafungu sokoni. Karanga ni zao letu. Alizeti ndiyo usiseme, Singida na Dodoma tunakamua mafuta mtaani. Pilipili kichaa, tangawizi, kitunguu swaumu, vitunguu maji na giligilani havikosekani. Kinachopungua ni nazi, kwa sababu minazi iko pwani, na nazi ikifika hapa imeshalipiwa nauli. Kwa hiyo ule mchuzi wa Thailandi wa tui zito nauacha kwa Jumapili yenye wageni. Katikati ya wiki siushughulikii, na sitauweka kwenye mashindano haya.

Jambo moja kuhusu soya sosi: kijiko kimoja cha chakula kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Kama maji ya bomba mtaani kwenu yana chumvichumvi, kama yalivyo mitaa mingi ya Dodoma, usitie chumvi nyingine yoyote kabla ya kuonja. Mimi chumvi ya kawaida naiweka kabatini kabisa siku ninayotumia soya sosi.

Wali kiporo wa kukaanga

Huu ndio wa haraka kuliko vyote. Dakika kumi na mbili, na moto unawaka dakika nane tu. Ukitazama mtungi wa gesi, hakuna kinachoushinda.

Ila una sharti lisilovunjwa: wali lazima uwe umelala kwenye baridi. Mara ya kwanza nilikaanga wali uliotoka jikoni muda huohuo, nikidhani ukipata moto mkali utachambuka. Ukawa bokoboko lenye rangi ya kahawia, watoto wakala mayai wakaacha wali. Wali wa moto una unyevu mwingi na wanga wake umelainika, hivyo punje zinagandana. Ukilala kwenye friji ule wanga unakaza, punje inakauka juu, na kwenye karai kila punje inaruka peke yake. Kiporo ambacho tulizoea kukipasha kwa kunyunyizia maji, Mchina anakitaka kikavu hivyohivyo.

Hapa nawasihi, sikilizeni vizuri. Kiporo cha wali kilicholala mezani usiku kucha kisikaangwe, kitupwe. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la jikoni zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukikaanga kwa moto wa namna gani. Mimi wali unaobaki nautandaza kwenye sinia pana upoe haraka, na kabla ya saa moja kupita uko kwenye friji. Umeme ukikatika usiku mzima, mpango wa kiporo umekufa. Nahamia kwenye chakula kingine.

Karai letu ni ndugu wa damu wa sufuria ya Kichina, lina kina na kuta zinazopanda, chakula kinapigwa juu kinarudi chini. Lipashe mpaka tone la maji likitua linacheza. Mafuta vijiko vitatu. Piga mayai manne, yamwage, yakiganda nusu yatoe. Ongeza mafuta kidogo, tia swaumu na tangawizi, karoti iliyokatwa vipande vidogo, hoho, kabichi. Wali unafuata, ukivunja mabonge kwa mwiko. Soya sosi vijiko viwili imwage ukutani mwa karai ili ichemke kabla ya kugusa wali. Hapo ndipo ile harufu ya hotelini inapotoka. Rudisha mayai, majani ya kitunguu juu, epua.

Kuhusu mafuta, alizeti ya kukamuliwa mtaani ina harufu nzuri lakini inatoa moshi mapema. Kwa moto mkali wa karai tumia iliyosafishwa, ambayo inavumilia zaidi ya nyuzi 200. Ile ya mtaani itunze, utaihitaji kwenye karanga.

Udhaifu wa wali wa kukaanga ni shibe. Kwa watu wanne na mayai manne, mtoto wangu mkubwa saa tatu usiku anarudi jikoni. Ukiongeza njegere au kuku aliyebaki jana, unakuwa mlo kamili.

Tambi

Tambi ni za mtu mmoja au wawili. Nasema hivyo baada ya kuzipikia familia mara nyingi. Kukaanga tambi za watu wanne kwenye karai moja ni mieleka: zinafungana, za chini zinaungua, za juu hazijapata hata soya sosi. Lakini kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyepanga chumba Ng'ong'ona, mwenye jiko la plate moja, hizi ndizo ninazompendekezea kabla ya nyingine zote.

Usikimbilie za paketi. Tambi za papo kwa papo alizibuni Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958 na zimesaidia wengi, ila kile kifuko cha viungo kimejaa chumvi. Ukizitumia, tia nusu ya kifuko na ujazie ladha mwenyewe. Spageti ya kawaida inafanya kazi vizuri zaidi kwa ujanja huu: kwenye lita moja ya maji yanayochemka tia magadi soda vijiko viwili vya chai, kisha spageti. Maji yatatoa povu, kwa hiyo tumia sufuria kubwa. Spageti inatoka na rangi ya manjano kidogo na inavutika mdomoni kama tambi za Kijapani, kwa sababu nazo zinakandwa kwa maji yenye magadi. Zioshe kwa maji safi baada ya kuchuja, la sivyo ladha ya sabuni itabaki.

Supu yake ndiyo inayonifurahisha. Wajapani na Wakorea wanachemsha samaki wadogo waliokaushwa kupata supu ya msingi. Sisi tuna dagaa! Chukua kiganja kimoja cha dagaa wakavu wa Mwanza au Kigoma, toa vichwa na matumbo maana ndiyo yenye uchungu, kaanga bila mafuta mpaka wanukie, chemsha dakika kumi, chuja. Hapo unatia soya sosi kijiko kimoja, tangawizi, pilipili, yai moja lililopasuliwa ndani, na fungu la matembele dakika ya mwisho. Bakuli moja, dakika ishirini na tano, na mafua yakikushika msimu wa upepo wa Julai utaniombea dua.

Ukilinganisha na wali kiporo: tambi hazihitaji maandalizi ya jana, lakini zinakula maji na gesi mara mbili, na shibe yake haikai.

Choroko na adesi kwa mtindo wa Kihindi

Hapa ndipo Dodoma yenyewe inapoingilia upishi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi; kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Nyuzi nne zinaonekana kidogo, ila punje kavu inazihisi. Ongeza na ugumu wa maji yetu: madini ya chokaa yanafanya ganda la punje likatae kulainika. Nilipohamia kutoka Dar es Salaam nilichemsha choroko kwa kipimo cha muda nilichozoea, nusu saa, nikakuta bado zinagonga meno. Nikaongeza maji, nikaongeza tena. Tulikula saa nne usiku, mume wangu ameshasinzia kwenye kochi.

Dawa yake ni kuloweka asubuhi kabla ya kutoka, kwa maji ya kunywa kama unayo, na kutia magadi kidogo sana, ncha ya kijiko, wakati wa kuchemsha. Choroko zilizolowekwa zinaiva dakika thelathini na tano mpaka arobaini. Mwenye jiko la presha anamaliza ndani ya robo saa, kwa sababu ndani ya presha joto linapanda kupita nyuzi 100 na ule mwinuko wa mji hauna nguvu tena. Usipokumbuka kuloweka, tafuta adesi nyekundu zilizokobolewa kwenye maduka yanayouza viungo vya Kihindi. Hizo haziulizi kulowekwa, dakika ishirini zinavurugika zenyewe.

Kuunga ndiko kunakokifanya chakula hiki kiwe cha Kihindi. Sisi tunakaanga kitunguu na nyanya, ndipo tunamimina maharage juu yake. Mhindi anafanya kinyume: choroko zinaiva na manjano na chumvi peke yake mpaka ziwe uji mzito, halafu mafuta ya moto yenye viungo yanamwagwa juu mwishoni kabisa. Weka vijiko vitatu vya mafuta kwenye kikaangio kidogo. Yakipata moto tia kijiko cha chai cha binzari nyembamba nzima. Zitaanza kupasuka na kuzunguka; hesabu mpaka kumi. Tia vipande vyembamba vya swaumu na pilipili kavu mbili. Swaumu ikianza tu kugeuka rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya choroko. Utasikia chwaaa! Funika haraka na mfuniko usipoteze ule moshi. Ukisubiri swaumu iwe kahawia, umechelewa, itakuwa chungu.

Kwa bei ya kulisha tumbo, choroko inashinda zote nne bila ubishi. Punje kavu karibu robo ya uzito wake ni protini, na ukila na wali au chapati, upungufu wa kimoja unajazwa na mwenzake. Wageni wawili wakitokea unaongeza kikombe cha maji ya moto na kijiko cha mafuta, wala hawatajua. Kinachonirudisha nyuma ni kule kukumbuka asubuhi. Asubuhi ya siku za shule mimi sikumbuki hata miwani yangu ilipo.

Mchuzi wa karanga

Indonesia wana chakula kinaitwa gado-gado: kabichi, majani ya kijani, viazi, mayai ya kuchemsha, vyote vinamwagiwa mchuzi mzito wa karanga wenye ukwaju, sukari guru, swaumu na pilipili. Mchuzi wa jamaa hiyohiyo ndio wanaochovya mishikaki yao, satay. Nilipouonja mara ya kwanza nilishangaa jinsi ulivyokuwa karibu na nyumbani. Mboga ya majani ya karanga tunaila tangu utotoni. Kilichoongezeka ni ule uchachu na utamu.

Undugu huo una historia. Karanga asili yake ni Amerika Kusini. Mabaharia wa Kireno na Kihispania walizisambaza Afrika na Asia baada ya kufika huko, na pilipili ilisafiri nao. Baadaye Waingereza nao wakaona karanga ni mali: mwaka 1947 walianzisha mpango mkubwa wa kuzilima wakianzia Kongwa, wapate mafuta ya kula nchini mwao baada ya vita. Udongo uliokauka ukawa kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 wakauacha. Mkulima mdogo wa Kongwa aliyelima kwa jembe lake bado analima, na karanga zake ndizo ninazonunua.

Kununua kwenyewe kunataka macho. Jumamosi iliyopita Majengo niliinama mbele ya meza ya mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie sado ngapi?"

"Nusu tu. Ni za msimu huu?"

"Tafuna."

Nikatafuna mbili. Zilikuwa kavu, zinavunjika kwa mlio, tamu bila uchungu nyuma ya ulimi. Nikamwomba ruhusa nichambue. Akacheka akanisogezea ungo, akaanza kunisaidia, yeye mwenyewe akitupa pembeni zilizonyauka na zenye madoa. Kitendo hicho si cha maringo. Karanga na mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa na unyevu hupata ukungu unaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliyotokana na mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuiondoi. Ndiyo maana sinunui karanga zilizokwisha kusagwa, hata kama zingeniokoa dakika kumi: kwenye unga huwezi kuona iliyooza.

Nachambua tena nyumbani, nakaanga kwenye karai kavu kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi, na kupeta maganda. Kazi hii naifanya Jumapili kwa wiki nzima, nazihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko. Jioni yenyewe nachukua kikombe kimoja na nusu, natwanga na punje nne za swaumu, tangawizi na pilipili mpaka zianze kutoa mafuta na kushikana na mchi. Huku wali uko plate ya pili. Ukwaju wa ukubwa wa yai nimeshauloweka kwenye maji ya moto na kuukamua.

Kitunguu kimoja kinakaangwa kwa mafuta ya alizeti, yale ya mtaani yenye harufu. Karanga zinaingia, moto unapunguzwa. Sasa uwe mtulivu: ukitia maji ya kwanza, karanga zitakaza kama udongo wa tofali na utadhani umeharibu. Hujaharibu. Tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, koroga, na baada ya kikombe kimoja zinalegea ghafla na kuwa laini kama uji wa lishe. Hapo tia ukwaju, sukari guru kijiko kimoja cha chakula, soya sosi viwili. Usiondoke jikoni, mchuzi huu unaungua chini kimyakimya. Dakika kumi baadaye utaona vijicho vya mafuta vikielea pembezoni mwa sufuria. Umeiva. Onja: kama unakuchekesha kwa uchachu, ongeza sukari guru, kama ni mzito tu na hausemi kitu, ongeza ukwaju.

Mboga zinachemshwa kwa maji matupu dakika mbili au tatu, zisilegee. Kabichi, karoti, matembele. Waindonesia wanatumia majani yanayoitwa kangkung, na hayo ni ukoo mmoja na matembele, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Viazi viwili, mayai manne ya kuchemsha. Jumla dakika thelathini na tano kama karanga zilishakaangwa.

Jirani yangu, mama wa Kigogo, aliingia siku moja nikiwa napakua. "Mbukwa!" "Mbukwa mama, karibu, umetukuta." Akaonja kijiko kimoja, akanyamaza, akaonja cha pili. "Hii si mboga yetu hii? Mmeitia ukwaju tu." Akaenda kwake akarudi na bonge la ugali wa uwele likiwa bado linafuka. Tangu siku hiyo wali nautumia kwa ajili ya watoto, sisi wakubwa tunakula na uwele. Ladha ya uwele iliyo nzito na yenye uchungu kidogo inaupokea mchuzi huu kuliko wali.

Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi na mafuta karibu gramu 49. Ndiyo maana hakuna anayerudi jikoni saa tatu. Lakini kwa sababu hiyohiyo usile kila siku, na ukipokea mgeni muulize kwanza kama karanga zinamdhuru. Mzio wa karanga unaweza kuua.

Basi, leo upike kipi?

Fungua friji kwanza. Kuna wali uliopoa vizuri na umeme haukukatika? Kaanga, usijisumbue na kingine, hasa kama mtungi wa gesi umeanza kuwa mwepesi. Hakuna wali lakini asubuhi ulikumbuka kuloweka? Choroko. Zitakugharimu kidogo kuliko zote na zitatosha hata watu wakiongezeka mlangoni. Kama una jiko la presha, choroko inaipita hata karanga kwa haraka, na ningekushauri uiweke mara mbili kwa wiki.

Uko peke yako, umechoka, unataka kitu cha moto cha kunywa na kutafuna kwa pamoja: tambi kwa supu ya dagaa. Usiwapikie nazo watu zaidi ya wawili.

Umesahau kuloweka, hakuna kiporo, na mezani kuna watu wanne wenye njaa ya kweli? Hiyo ndiyo jioni yangu ya kawaida, na jibu lake ni karanga. Kiporo na choroko vinategemea ulichofanya jana au asubuhi. Karanga zilizokaangwa ziko kwenye chupa, ukwaju uko kabatini mwezi mzima, na majani yanapatikana gengeni mpaka giza linapoingia. Kwa muda inashindwa na kiporo, kwa bei inashindwa na choroko. Kwa shibe na kwa ladha, nyumbani kwangu haijawahi kushindwa.

Mchuzi ukibaki, weka kwenye friji, unakaa siku tatu. Asubuhi utaukuta umeganda kama siagi. Ulegeze kwa maji ya moto vijiko viwili vitatu, upashe mpaka uchemke, umwagie juu ya viazi vitamu vya chai.